Mama ameshindwa kuchora saa: je, ni demenshia?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, hakubahatika kwenda shule. Tangu mwaka jana anasahausahau. Hospitalini walimpa kalamu achore saa, akashindwa, tukaambiwa ana demenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kipimo hicho kinatosha?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Hapana, hakitoshi. Mtu ambaye hajazoea kalamu akishindwa kuchora saa, huenda umepima shule aliyoikosa, si ubongo wake. Nimewaona kina bibi wakiikamata kalamu kwa ngumi kama mwiko wa ugali, macho chini kwa aibu. Bibi huyo huyo ukimpangia umbo kwa njiti za kiberiti na kumwomba apange la kwake lifanane, anamaliza hata kabla hujamaliza kumweleza.

Njiti hizo zimo katika kipimo kiitwacho IDEA, kilichotokana na utafiti wa wazee wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako wengi wa rika lao hawakusoma sana. Mzee husomewa maneno kumi ayakumbuke baadaye, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na hueleza daraja ni kitu gani. Omba mama apimwe upya kwa njia ya namna hiyo.

Hata hivyo, alama peke yake haitoi jibu. Nilimpokea mwalimu mstaafu aliyechora saa safi kabisa, mishale yote mahali pake. Binti yake akaniambia kwamba asubuhi ile baba amenunua sukari mara tatu. Nilimwamini binti. Ndiyo maana wewe ni shahidi wangu mkuu: je, mama bado anapika kama zamani, au siku hizi anasonga ugali kabla maji hayajachemka? Anapotea njia aliyoizoea? Anadanganywa chenji dukani? Kusahau alikoweka miwani hakunitishi sana. Kupoteza kazi aliyoifanya miaka 40 kunanitisha.

Kabla ya kukubali jina la demenshia, hakikisheni damu yake imepimwa vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, VVU na kaswende. Kama ana kisukari na ametumia metformin kwa miaka mingi, B12 inaweza kuwa imeshuka. Sonona baada ya msiba nayo huiga demenshia vizuri mno. Kusanya dawa zake zote kwenye mfuko, hata za dukani, umpelekee daktari. Piriton ya kila usiku, au amitriptyline ya maumivu ya miguu, inatosha kumvuruga mzee kumbukumbu.

Na jambo moja usilingojee kliniki: kama mama aliwahi kuanguka, hata wiki kadhaa zilizopita, na sasa anasinzia mno, anaumwa kichwa au anaburuta mguu, damu inaweza kuwa inavuja taratibu juu ya ubongo. Mpeleke leo hii apigwe picha ya kichwa. Ikigundulika mapema, huondolewa kwa upasuaji.