Akupancha pamoja na sindano ya kiungo

Habari mkuu. Umeuliza kama unaweza kuchanganya akupancha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba kwenye ngozi) na sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa ndani ya kiungo) kwenye kifundo cha mguu kilichoanza kusagika baada ya kuvunjika. Nimetumia zote mbili, ila si wiki moja.

Kwanza kapigwe eksirei ukiwa umesimama. Ukilala, uwazi kati ya mifupa ya kiungo unadanganya. Steroidi ilinituliza kama miezi miwili, baada ya siku mbili za maumivu makali kuliko mwanzo. Usiirudie ovyo, inaweza kula gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), na mwenye kisukari sukari hupanda siku kadhaa.

Mtaalamu wa akupancha nilimwambia asichome karibu na kiungo kwa wiki mbili baada ya sindano ya steroidi. Vijidudu vikiingia mle ndani ni balaa. Ipi ilinisaidia zaidi? Sijui kwa kweli, ila ngazi sasa nashuka bila kushika ukuta.