Raman na infraredi ya karibu ndani ya chombo kimoja

Swali: Salaam aleikum, mwalimu. Hapa Likoni twakamua mafuta ya nazi. Unyevu wa mbata twaupima kwa kuzikausha kwenye oveni, kazi ya saa kadhaa. Mafuta tunayonunua kwa wakamuaji wengine nayo twashuku yametiwa mawese. Nimesikia kuna njia mbili za kupima kwa mwanga: infraredi ya karibu hupima unyevu na Raman hutambua mafuta. Je, zaweza kukaa ndani ya chombo kimoja?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Zaweza, na kwa kazi yako zafaa kukaa pamoja, kwa sababu kila moja huona kile ambacho mwenzake hukiona kwa shida. Kwenye infraredi ya karibu, taa ya halojeni huimulika mbata nasi hupima mwanga uliomezwa. Maji humeza sana mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 1450, kwa hivyo unyevu haujifichi. Raman hutumia leza na kusoma ule mwanga kidogo unaorudi ukiwa umebadilika rangi. Asidi za mafuta ya nazi zimeshiba kwa takriban asilimia 90. Za mawese karibu nusu hazijashiba, yaani zina vifungo maradufu vya kaboni, na hivyo Raman huvisoma waziwazi.

Ugumu uko kwenye mwanga wenyewe. Mwanga wa Raman ni hafifu mno: katika fotoni (chembe za mwanga) milioni kumi za leza, huenda ikarudi moja tu. Ukiacha taa ya halojeni inawaka, ni sawa na kusikiliza mnong'ono kando ya spika za harusi. Kwa hivyo zipishane: taa izimwe, ndipo leza iwake.

Swali la kumwuliza muuzaji wa chombo kwanza ni leza ya nanomita ngapi. Ikiwa ni 785, mwanga wa Raman husomwa na kipokezi (kifaa cha kupokea mwanga) cha silikoni, ambacho hakifiki 1450, na utalipia kipokezi cha pili. Ikiwa ni 1064, sehemu ya Raman unayoihitaji huangukia kati ya 1087 na 1316 hivi, na kipokezi cha indiamu, galiamu na aseniki kinachosoma 900 hadi 1700 huhudumia zote mbili. Tena mng'ao wa mafuta yasiyosafishwa, unaofunika Raman, hupungua sana. Mimi ningechagua hiyo, ingawa mwanga wa Raman hupungua zaidi ya mara tatu ukilinganisha na 785, kwa hivyo kila kipimo kitachukua muda mrefu zaidi.

Oveni usiiuze. Chombo hakijui unyevu mpaka ukifundishe kwa mbata zako ulizokwisha kuzipima kwa oveni, za vuli na za masika.

Na mbata zilizokaushwa kwa moshi, zile nyeusi, usizielekezee leza. Huchemka na kuungua pale inapogonga. Hizo zipime kwa taa peke yake, Raman uibakishie mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Leza ya 1064 haionekani kwa macho na hupofusha, basi kifuniko kiwe cha kuizima yenyewe kinapofunguliwa.