Wapangaji Wangu Hawanywi Chai, na Mashati Yao Hayatakati

Barua tatu za toleo hili zinahusu vijana waliotumwa mbali na kwao kuhubiri. Tumezijibu pamoja.

SWALI: Vijana wawili wageni wamepanga chumba changu cha uani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mmoja Mmarekani, mwenzake Mzambia. Nawapenda kama wanangu, lakini kuna mambo yananitatiza. Mmoja ana miaka 19 na anaitwa Mzee. Chai yangu wanaikataa. Nikiwa peke yangu hawaingii ndani. Jumatatu wanafua mchana kutwa, na bado mashati hayatakati. Wiki yao ikoje, nami niwasaidieje?
Mama mwenye nyumba, Walukuba, Jinja

JIBU: Mama, tuanze na Jumatatu, maana wiki nzima ya vijana hawa inaegemea hapo. Ndiyo siku yao ya maandalizi: kufua, kwenda sokoni, kunyoa, kuandika na kupiga simu nyumbani. Inaisha saa kumi na mbili jioni, na wakitoka hapo ni kazi mpaka Jumatatu nyingine. Shati lisilokauka siku hiyo litavaliwa bichi Jumanne. Maharage yasiyonunuliwa siku hiyo yatageuka roleksi za barabarani, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, siku sita mfululizo.

Mashati matano meupe yanataka jerikani tatu za lita 20, moja ya kufulia na mbili za kusuuza. Aliyezoea mashine humimina sabuni nyingi kwenye maji kidogo, na sabuni inayobaki kwenye nguo ndiyo inayonasa vumbi letu jekundu. Waonyeshe ukosi: uloweshwe, upakwe sabuni ya mche, uachwe dakika 10, kisha usuguliwe kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu inachana nyuzi, na ukosi uliochanika hushika uchafu zaidi wiki inayofuata.

Kosa kubwa ni dawa ya kung'arisha yenye klorini. Wakiona weupe hauji, wanaongeza. Mashati mengi ya dukani yana poliesta, na klorini huyatia umanjano usiotoka. Tena kama maji ni ya kisima cha pampu, hii nayikonto yetu, mara nyingi yana chuma kilichoyeyuka. Klorini hukigeuza chuma hicho kuwa kutu, na shati linatoka na mabaka ya kahawia. Nguo nyeupe zifuliwe kwa maji ya mvua au ya bomba. Maji ya nayikonto yafulie suruali.

Sasa kuna jambo ambalo wewe unalijua tangu utotoni na wao hakuna aliyewaambia: nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani. Kiluwiluwi huingia ngozini, na baada ya siku kadhaa unaona kipele kama jipu, chenye tundu dogo katikati, kinachochoma kama sindano. Nguo zianikwe juu ya kamba, juani, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mishono. Zote: soksi, chupi, taulo, shuka. Vijana hupiga pasi shati kwa sababu ndilo linaloonekana, halafu kipele kinatokea kiunoni. Kikishatokea, wasikikamue papo hapo, kwa maana mdudu akikatikia ndani pataoza. Wazibe tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka, wasubiri mdudu akose hewa na ajisogeze juu, ndipo wambinye taratibu kutoka pembeni. Kama ni vingi au viko usoni, waende zahanati.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wahimize waanze kufua saa moja asubuhi. Mvua zetu hupenda mchana.

Kuhusu chai, Mama, usiumie. Imani yao inakataza majani ya chai, kahawa, pombe na tumbaku. Kinachokataliwa ni yale majani, si ukarimu wako. Chemsha mchaichai, au maziwa na tangawizi bila majani, na uji wa asubuhi utapokelewa kwa mikono miwili. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, yapoe humo humo sufuriani yakiwa yamefunikwa, kisha yamiminwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba. Wengi huchemsha vizuri halafu wanachota kwa kikombe kilichotoka mezani, na kazi yote inaharibika hapo. Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga milo miwili, kwa hiyo sahani ya siku hiyo iwekee jioni.

Mzee ni cheo cha ukuhani wao, hakihusiani na umri. Kila kijana wa kiume anayetumwa huitwa hivyo na jina la ukoo wake, na msichana huitwa Dada. Kutoingia ndani ukiwa peke yako ni kanuni yao, inayokulinda wewe na wao: hawakai faragha na mtu wa jinsia nyingine. Toa viti barazani, mahali ambapo majirani wanaona. Hata wao wawili hawaachani. Mmoja akienda dukani mwenzake humfuata. Usimtume mmoja akaleta mkaa.

Siku nyingine zinafanana. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mazoezi nusu saa, kisha wanajisomea maandiko, kila mtu peke yake na baadaye pamoja. Mchana wanatembelea watu. Mara moja kwa wiki wanakutana na wamisionari wa jirani, na siku moja hukaa na daftari kupanga wiki inayofuata. Pengine utaona sura ngeni chumbani: wamebadilishana wenza kwa siku moja ili wajifunze. Ibada ya Jumapili huchukua muda wa saa mbili. Uhamisho hupangwa kila baada ya wiki sita, basi usishtuke mmoja akikuaga ghafla.

Kinachovuruga ratiba yao kuliko mvua ni saa. Mtu akiwaambia "njooni saa kumi", wao hufika saa nne asubuhi, kwa kuwa kichwani wamesikia kumi ya Kiingereza. Mwenyeji yuko shambani. Jioni anawasubiri na hawatokei. Wafundishe kuandika kila miadi mara mbili, saa yetu na saa yao, na kuuliza "asubuhi au jioni?"

Kingine ni lugha. Kiswahili chetu kimepita kambini, na wageni huokota amri: "Lete maji! Kaa hapa!" Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi, hasa Buganda, bado wanakisikia kwa sauti ya askari wa kizuizini. Wafundishe "naomba" na "tafadhali". Na kabla ya Kiswahili waanze na salamu ya asubuhi ya Kiganda, "Wasuze otya nno, ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, viatu wakiwa wamevivua mlangoni. Kwa mzee wa miaka 70, salamu hiyo inafungua mlango kabla ya neno lolote la dini.

SWALI: Nimeitwa kutumikia Afrika Kusini miaka miwili, naondoka baada ya miezi mitatu. Nijizoeze nini?
Kijana, Arua

JIBU: Mdogo wetu, hongera. Anza na sindano ya homa ya manjano, kwa kuwa bila kadi yake msafiri kutoka Uganda huzuiwa kuingia Afrika Kusini. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa na hudumu maisha yote. Usingoje wiki ya mwisho.

Viatu: nunua jozi mbili, na kabla hujavivaa mpelekee fundi ashone soli kwa uzi wa nailoni kuzunguka kote. Gundi pekee huachia kwa joto na matope. Vaa kila jozi kwa zamu ili nyingine ikauke ndani, la sivyo ngozi inaoza na miguu inatoka malengelenge.

Jizoeze kupika vyakula vitano bila kumuuliza mama: posho (ugali), maharage, wali, mboga za majani, mayai. Maharage yalowekwe usiku kucha. Halafu jizoeze kuishi na mtu saa 24. Kaa mwezi mzima na binamu katika chumba kimoja, mkigawana ndoo, zamu ya kufungua madirisha asubuhi na zamu ya vyombo. Wamisionari wengi hawashindwi na mahubiri. Wanashindwa na mwenza anayekoroma au asiyeosha sufuria, kwa sababu walinyamaza wiki nne, kisha wakalipuka. Lisemeni siku ile ile, kwa upole, mkiwa mmeshiba.

SWALI: Binti yangu anatumikia Salt Lake City. Simu zetu zinapishana. Niliambiwa wanaruhusiwa Krismasi tu?
Mama, Kasese

JIBU: Hiyo ilikuwa zamani, Mama, na hata wakati huo ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuwasiliana na nyumbani kila wiki kwenye siku ya maandalizi, kwa simu au video. Mnapishana kwa sababu Wamarekani hubadili saa zao. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Kasese iko mbele kwa saa 9. Miezi mingine ni 10. Kwake ikiwa saa mbili asubuhi, kwako ni saa kumi na moja jioni, na baada ya Novemba ni saa kumi na mbili. Mwache aongee kwanza. Akilia, msikilize tu, na habari za mbuzi aliyeibwa zimsubiri wiki ijayo. Chaji simu mchana, umeme wa jioni hauaminiki.