Nyumba ya Kupangisha Dodoma: Hesabu ya Dalali na Hesabu Yako

SWALI: Dalali amenionyesha nyumba Ilazo yenye "chumba na sebule" nne, kila moja inapangishwa Sh 150,000 kwa mwezi. Bei ni milioni 85. Anasema inarudisha asilimia 8.5 kwa mwaka, na kwamba nikichelewa kuna mteja mwingine. Ni mara yangu ya kwanza kununua nyumba ya kupangisha. Nianzie wapi?
Mtumishi, Dodoma

JIBU: Huyo mteja mwingine huwa hakosekani. Mwache kwanza, shika kalamu.

Dalali amezidisha 150,000 kwa wapangaji wanne kwa miezi 12, akapata milioni 7.2, akagawa kwa milioni 85. Hajadanganya, ila hesabu kaiacha njiani. Tuseme kila chumba na sebule inakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka: inabaki milioni 6.6. Toa kodi ya zuio ya pango (ile inayokatwa kwenye pango na kwenda TRA), asilimia 10, yaani Sh 660,000. Toa laki tano za matengenezo, na laki tatu za kodi ya ardhi, mlinzi na lori la majitaka. Mkononi unabaki na milioni 5.14. Upande wa pili, nyumba haikugharimu milioni 85. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, Sh 850,000. Wakili, uthamini na usajili weka kama milioni 2.15, ukarabati wa kuanzia milioni 6. Jumla ni milioni 94, na faida halisi ni kama asilimia 5.5. Ili ifike hiyo 8.5, bei ingebidi iwe karibu milioni 52. Hakuna atakayekuuzia kwa bei hiyo, lakini sasa una cha kusemea mezani. Kabla ya kusaini, ulizia pia hatifungani za Serikali, yaani hela unayoikopesha Serikali, zinalipa riba gani. Hazina shimo la choo linalojaa.

Kisha rudi kwenye nyumba bila dalali, saa za jioni wapangaji wakiwepo. Waulize wanalipa kiasi gani na wamelipa mpaka mwezi gani. Fungua bomba. Mgao wa maji Dodoma si habari ngeni, kwa hiyo angalia tanki lina ukubwa gani na limekaa juu ya nini. Tanki la lita 1,000 kwa familia nne ni ugomvi. Hesabu mita za LUKU. Mita moja kwa wapangaji wanne maana yake wewe ndiye utakayeamua kesi ya nani aliwasha pasi. Kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU, hivyo mkubaliane mapema anayeibeba.

Nyufa zinataka jicho la karibu. Sehemu nyingine za mji zina udongo mfinyanzi mweusi, unaovimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi. Ufa mwembamba wa plasta, kama unywele, usikutishe. Wa kuogopa ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari mpaka kukata lenta (boriti ya juu ya dirisha), hasa kama kidole kinahisi upande mmoja wa ukuta umekaa juu kuliko mwingine. Huo ni msingi unaokwenda. Ukiona rangi mpya imepakwa kwenye kona tu, gonga hapo. Ukitazama nyumba kati ya Mei na Novemba hutaona maji yanapotuama, kwa hiyo tafuta alama ya tope chini ya ukuta wa nje na uwaulize majirani.

SWALI: Muuzaji wangu ana karatasi za zamani za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), na anataka nilipe yote ndipo "tuhangaikie hati". Ni salama?
Msomaji, Nzuguni

JIBU: Hapana. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri. Mikataba yake ya ardhi ilikuwa ya miaka 33, na ikaelekezwa ibadilishwe iwe hati za miaka 99. Muuzaji aibadilishe kwanza, kwa gharama yake.

Hati ikishapatikana, omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kwa namba ya hati, kiwanja na kitalu. Majibu yatakuonyesha mmiliki, rehani ya benki na zuio la kuuza kama lipo. Urudie tena siku ya kulipa, maana mkopo unaweza kuingia katikati. Nenda na mpima akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Ukuta wa jirani uliovuka bikoni utaurithi. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenza wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. "Mke wangu yuko safari" si jibu.

Malipo: sehemu ndogo mkisaini mkataba kwa wakili, kubwa uhamisho ukishaidhinishwa, yote kwa benki kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho hausajiliwi. Atakushawishi muandike bei ndogo ili alipe kidogo. Kataa. Mthamini wa Serikali ana thamani yake, na wewe siku ukiuza, ile bei ndogo ndiyo itahesabiwa kuwa gharama yako: kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe.

SWALI: Wapangaji walishamlipa mwenye nyumba wa zamani miezi sita. Naweza kuwatoza upya?
Msomaji, Kikuyu

JIBU: Huwezi, mkataba wao unakuja na nyumba. Ila miezi ambayo haijaliwa ni yako: kama imebaki minne, kwa nyumba kama ile ya Ilazo, 150,000 kwa wapangaji wanne kwa miezi minne ni Sh 2,400,000, nayo ikatwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Nakala za mikataba ya wapangaji zidai kabla ya kusaini; ikishahamishwa hela, muuzaji simu hapokei.