Kabla hujanunua MacBook ya mtumba, uliza chipu

Wanaoniomba ushauri kuhusu MacBook za mtumba huanza na sura: haina mikwaruzo, kioo kisafi, betri inakaa. Mimi nauliza chipu kwanza. Apple walitoa chipu yao wenyewe, M1, Novemba 2020, na mwaka huohuo walikuwa bado wanauza MacBook Air yenye chipu ya Intel. Kwa nje ni mapacha, lakini macOS 26, mfumo wa Mac uliotoka 2025, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na Air hiyo ya Intel haiipati. Muuzaji akikwambia "hii ni ya 2020", bado hajakwambia kitu.

Mimi nilihamia M1 kwa ajili ya video. Air yake haina feni kabisa, na hata nikiwa natoa video ndefu naipakata bila shida. Utulivu huo umenifaa kuliko kasi yenyewe.

Ila angalia unachotumia kila siku. Programu zilizoandikwa kwa Intel hutafsiriwa na Rosetta 2, kitafsiri cha Apple kilicho ndani ya macOS, na mara nyingi hutagundua. Draiva (programu zinazowezesha kifaa kufanya kazi na kompyuta) zinazoingia kwenye kiini cha mfumo hazitafsiriwi, kwa hiyo kadi ya sauti ya zamani ya studio inaweza kugoma. Boot Camp, ile njia ya kuwasha Mac kwa Windows, nayo haipo. Windows utaiendesha ndani ya Parallels, programu inayoiweka Windows ndani ya macOS, tena Windows ya ARM, yaani ya chipu za jamii ya M1. Programu yako ya hesabu ya Windows huenda ikafanya kazi, lakini kifaa kinachohitaji draiva kitataka draiva ya ARM. Kwenye Mac ya M1 fungua Activity Monitor, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, uone zipi bado zimeandikwa Intel, uanze kuzitafutia mbadala. Apple wameahidi Rosetta kamili hadi macOS 27 tu.

RAM amua siku ya kununua, maana imefungwa pamoja na chipu na hakuna fundi wa kukuongezea. Ukiweza, chukua GB 16.

Na zile nyembamba za 2016 hadi 2019 zenye kibodi ya "butterfly", ambayo vitufe vyake hukwama, ziache, hata zikiwa bei ya kutupa. Apple walikuwa wakirekebisha kibodi hizo bure, lakini kwa miaka minne tu tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Leo gharama ni yako, na kibodi hubadilishwa pamoja na gamba zima la juu.

Mashine nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni huko nje. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, muiwashe upya na kuiunganisha na intaneti. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani au kutaja usimamizi wa kampuni, mrudishie.