Barua kwa mwanangu: Ongwen anafungwa kwa kosa la nani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako naye kausoma. Umeuliza: "Mama, kama waasi walimteka Ongwen akiwa mtoto wakamfundisha kuua, sasa anafungwa kwa kosa la nani?"

Anafungwa kwa makosa yake mwenyewe. Nalisema mapema usije ukadhani nazungukazunguka. Ila naelewa kwa nini linakukereketa, maana hata mimi halijanikaa sawasawa.

Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), jeshi la Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda miaka ya 1980, akiwa njiani kwenda shule, hajafika hata darasa la kujua dunia ikoje. Waasi wale walikuwa na utaratibu wao. Mtoto anachapwa, anabebeshwa mizigo mizito anatembezwa kutwa, anapakwa mafuta kwa ibada yao. Kisha mmoja wa mateka akijaribu kutoroka na kukamatwa, wenzake wanapewa magongo wamuue. Wote, kila mmoja apige. Ukatili ule ulikuwa na hesabu ndani yake: ukishamuua mtoto wa jirani yako, utarudi kijijini kwa uso gani? Kamba ya kumfunga haihitajiki tena.

Watu hudhani makamanda huchukua watoto kwa sababu wakubwa wamekwisha. Si hivyo. Mtoto hadai mshahara, hutishika upesi, hutii upesi, na kifo hajakijua vizuri kiasi cha kukiogopa. Silaha za siku hizi nazo ni nyepesi, mtoto wa miaka kumi anazimudu. Kongo wanawaita kadogo, na walionekana wazi kabisa katika safu za Laurent Kabila alipoingia Kinshasa mwaka 1997.

Wala usiwaze bunduki tu. Wapo wanaopika, wanaobeba maji, wanaotumwa kupeleleza. Na wapo wasichana. Oktoba 1996 LRA waliingia usiku katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakaondoka na wanafunzi 139. Mtawa mmoja, Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akawasihi waasi. Kamanda akaandika hesabu yake ardhini: wasichana 109 akawarudisha, 30 akabaki nao. Hao 30 waligawiwa wanaume kama "wake". Mimi kila nikifikia hapo kwenye habari hii huwa nasimama kwanza.

Sasa sheria. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unasema kumwandikisha jeshini mtoto chini ya miaka 15, au kumtumia vitani, ni uhalifu wa kivita. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ikaenda mbele zaidi: vikundi vya waasi visimguse yeyote aliye chini ya miaka 18. Hukumu ya kwanza kabisa ya ICC, mwaka 2012, ilikuwa ya kosa hilihili: Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri huko Kongo, akapewa miaka 14. Na mahakama hiyohiyo hairuhusiwi kumshtaki mtu kwa jambo alilotenda kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo aliyoyafanya Ongwen utotoni hakuulizwa. Aliulizwa ya kati ya 2002 na 2005, alipokuwa mtu mzima na kamanda, wakati kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok zilipovamiwa. Februari 2021 alipatikana na hatia katika makosa 61. Mojawapo ni kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15.

Hapo ndipo mimi ninapokata shauri. Yeye alijua kuliko hakimu yeyote mtoto aliyetekwa anapitia nini, na bado akatuma watu wakawalete wengine.

Mawakili wake walisema alilazimishwa, na kwamba akili yake ilikuwa imeathirika. Majaji wakakataa: wapo wengine waliotoroka, yeye alizidi kupanda cheo. Lakini kutekwa kwake hawakukupuuza. Kungekuwa hakuna utoto ule, adhabu ingekuwa kubwa kuliko miaka 25 aliyopewa.

Utaniambia kwamba siku ya kutimiza miaka 18 huko porini haina tofauti na jana yake. Kweli. Sheria lazima ichore mstari mahali fulani, na popote utakapouchora kuna mtu utamwonea. Mimi kinachoniudhi ni kingine. Uganda ilipitisha sheria ya msamaha mwaka 2000, na maelfu waliotoka msituni wakasamehewa, makamanda wakubwa wakiwemo. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, akanyimwa. Mwaka 2024 mahakama ya Uganda ikamfunga miaka 40. Na Joseph Kony, aliyewateka wote wawili? Hati ya ICC ya kumkamata ilitolewa 2005, na ninapoandika bado hajakamatwa. Ukiniambia hapo pana uonevu, sibishani nawe.

Kwa hiyo ningekuwa hakimu ningemfunga Ongwen, na miaka 25 nisingeiongeza.

Jambo moja hukuliuliza. Februari 2024 ICC iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathiriwa wa Ongwen, karibu watu 50,000, wakiwemo waliokuwa askari watoto na watoto waliozaliwa msituni. Kila mmoja apate euro 750 za kufuta machozi, na juu yake matibabu na misaada ya pamoja. Ongwen hana kitu, yuko gerezani Norwe, kwa hiyo Mfuko wa Waathiriwa wa mahakama ndio unaohangaika kuomba wafadhili. Wewe unayefuatilia haya mambo, nitafutie wamefikia wapi, kisha unipigie Jumapili tuzungumze. Baba yako anakusalimu. Yeye anasema miaka 25 ni midogo, jiandae kubishana naye.

Mama yako