Mvua za kwanza zikinyesha, ogopa visiki vya mtama

Huku Kongwa, mkoani Dodoma, mtama ukishavunwa shamba linakuwa la ng'ombe. Mabua yaliyokauka vizuri hayajanipa taabu. Taabu huanza mvua za Novemba au Desemba zinapokuta visiki havijang'olewa. Ghafla vinachipua kijani kibichi, malishoni kwingine kukiwa vumbi tupu, na ng'ombe aliyekonda huwezi kumzuia.

Machipukizi yale yana sayanaidi, sumu kali inayoua haraka. Jani likitafunwa sumu inaachiliwa, na vijidudu vya tumboni mwa wanyama wanaocheua vinazidisha kazi hiyo. Mbuzi na kondoo hawasalimiki. Mtama uliodumazwa na ukame nao ni hatari, vivyo hivyo majani mabichi ya mihogo.

Nilimshuhudia ng'ombe wa jirani akianguka palepale shambani, majani yangali mdomoni. Alihema kwa nguvu, povu likamtoka, miguu ikakakamaa. Tulipofunua mdomo, fizi zilikuwa nyekundu za kung'aa. Mmoja alisema karogwa (hakosekani wa kusema hivyo), mwingine akakimbilia mafuta ya kula amnyweshe. Mafuta hutumika tumbo likijaa gesi. Kwa sumu hii hayasaidii, na mnyama anayehema vile yanaweza kumwingia mapafuni. Dawa yake ni sodiamu thiosalfati ya kuchomwa kwenye mshipa, kazi ya daktari wa mifugo, na muda wenyewe ni wa dakika. Piga simu kwanza. Waliobaki watoe polepole, bila fimbo wala mbio, maana mbio humtaka pumzi ambayo aliyekwisha kula hana.

Akifa, usimpasue. Najua kuiacha nyama yote ile kunauma, lakini ugonjwa wa kimeta nao huua ghafla, na kumpasua mnyama mwenye kimeta ni kukisambaza kwa watu na mifugo. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, kaa mbali kabisa. Mwite mtaalamu ndiye aamue.

Wataalamu wanashauri mtama usilishwe kabla haujapita sentimita 60, tena ng'ombe awe amekwisha kula nyasi kavu. Kuukata na kuukausha vizuri juani pia hupunguza sumu. Mimi nang'oa visiki mara tu baada ya mavuno, maana anayechunga kwangu ni mtoto, na sitegemei atembee na futi kupima kimo cha mtama.